CHUO KIKIENDA KIJIJINI, NANI ATALIPA BASI?



Siku hizi ukipita katika vyuo vikuu vyetu utasikia neno moja likirudiwa na wakubwa wote: masomo ya zamani yaongezwe kazi ya kushirikiana na wananchi. Mwanafunzi wa sheria asisome kesi za vitabuni tu, aende akasikilize mashauri ya watu wa mtaani. Mwanafunzi wa uinjinia aende akatazame mfereji unaofurika. Mwanafunzi wa hesabu za fedha aende akavisaidie vikundi vya akina mama kuweka daftari zao. Neno hili ni zuri, nasi hatulipingi. Chama cha wafanya kazi kitalipingaje? Vyuo hivi vimejengwa kwa kodi zetu, na wengi wetu hatujapata kukanyaga sakafu zake ila kwa kuzipiga deki.

Lakini sisi ni watu wa kuuliza bei. Twaambiwa kazi hii itaanza. Twauliza fungu lake la fedha ni lipi. Twajibiwa kwamba haihitaji fungu, maana masomo ni yale yale ya zamani, yameongezwa tu. Katika neno hilo "yameongezwa tu" ndimo tunamoiona hatari, na ndilo lililotufanya tuchukue nafasi hii yote katika gazeti letu.

Hebu tufanye hesabu ya mtu wa kawaida. Tuseme kuna kozi moja yenye wanafunzi 60, nayo imepangiwa kwenda kijijini mara mbili kwa juma, kwa majuma 12. Hizo ni safari 24. Safari moja, kwenda, kungoja na kurudi, ni saa 4, nasi hapo tunahesabu kwa huruma. Dereva amekwisha kutoa saa 96, ambazo kwa mtu anayefanya saa 45 kwa juma ni zaidi ya majuma mawili ya kazi. Na hiyo ni kozi moja. Chuo kikubwa kina kozi mamia, na madereva ni wale wale.

Dereva naye ni mtu mmoja tu katika msafara. Yuko mwalimu ambaye itampasa kumwandikia chifu, kwenda mapema kuona mahali, na kusahihisha ripoti 60 ambazo hazifanani hata moja na mwenzake, hali mtihani wa zamani ulikuwa na majibu ya namna moja. Yuko karani wa kuandika majina, kukusanya barua za wazazi na kutafuta risiti za dizeli. Yuko fundi wa maabara atakayepima maji yaliyoletwa katika chupa za soda. Yuko mpishi wa kufunga chakula saa kumi na moja alfajiri, na mlinzi wa kufungua lango usiku basi likirudi limepakwa matope mpaka madirishani. Iko bima, maana magari hupinduka, na mwanafunzi akivunjika mguu mtoni hatatibiwa kwa hotuba.

Mwenzetu mmoja, dereva wa chuo ambacho hatutakitaja, aliendesha wanafunzi Jumamosi nne mfululizo kwenda kuhesabu visima. Alipopeleka fomu yake ya saa za ziada ilirudishwa na maandishi mekundu: kazi hii haina namba ya fungu. Visima vimehesabiwa, wanafunzi wamepewa alama, na picha za wakubwa wakiwa wamevaa fulana za chuo zimetundikwa ukutani. Fomu bado iko mfukoni mwa dereva. Tazameni basi maana ya "kuongeza tu." Hakuna kazi isiyo na gharama, iko kazi ambayo gharama yake imefichwa katika mgongo wa mtu.

Upande wa kijijini mambo ni hayo hayo, tena mabaya zaidi. Wanafunzi wakifika hawawezi kuingia nyumba za watu hivi hivi. Atatafutwa mzee wa kijiji, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi ya Serikali bila mshahara. Atatafutwa mhamasishaji wa afya ya jamii. Hao wahamasishaji, zaidi ya 100,000 katika nchi nzima, walipewa mikoba yao ya kazi mbele ya Rais mwezi wa Septemba 2023, na malipo waliyowekewa ni Sh. 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mama mwenye malipo hayo aacha zamu yake mwenyewe, azungusha wanafunzi kumi kutoka nyumba hata nyumba kutwa nzima, awatafsiria lugha, ajibu maswali yao, kisha jioni aambiwa asante. Yeye ndiye mwalimu wao siku ile. Profesa aliyebaki mjini alipwa kwa somo hilo; mama yule hakulipwa. Twauliza, ni kwa sheria gani?

Wasitujibu kwamba haya ni mambo ya mwanzo na kwamba yatanyoka baadaye. Jambo hili si geni, wala si la kubahatisha. Chuo Kikuu cha Moi kiliwekwa mwaka 1984, na toka mwanzo kikaambiwa kiyatazame maisha ya watu wa mashambani. Kilipoanza kufundisha waganga Eldoret mwaka 1990, kazi ya kijijini haikubandikwa kama kiraka. Ilishonwa pamoja na nguo yenyewe. Katika mpango uitwao COBES wanafunzi hutumwa katika vituo vya afya vya nje kwa majuma kadhaa, na hurudi huko katika miaka inayofuata: kwanza kujifunza jinsi watu wanavyoishi, halafu kutafuta maradhi yanayowasumbua na sababu zake, kisha kufanya uchunguzi wao wenyewe, na mwisho kukaa katika hospitali za wilaya. Majuma hayo yamo katika kalenda ya chuo. Mwalimu anayekwenda huko yuko kazini, hakwenda kwa hisani.

Ghana nako, katika chuo kikuu cha Tamale kilichowekwa mwaka 1992 kwa ajili ya maendeleo ya kaskazini, mwaka wa masomo uligawanywa sehemu tatu, na sehemu ya tatu ikawa ya kukaa vijijini. Walipanga wakati kwanza, wala hawakuuiba katika Jumamosi za madereva.

Tofauti iko wapi? Ni hii, kwamba wale walipanga kabla ya kujenga, na sisi twataka kupanga nyumba ikiwa imekwisha ezekwa. Kuongeza jambo katika kozi ya zamani ni kazi ngumu kuliko kuanza upya, kwa sababu kozi ya zamani tayari imejaa. Saa zake zina wenyewe, vyumba vyake vina wenyewe, na fedha zake zimekwisha kuliwa na madeni kabla hazijafika. Kwa hiyo anayesema kuongeza ni rahisi kuliko kuanza, ama hajui kazi yenyewe, ama anajua sana.

Yuko atakayesema: wafadhili watatoa. Naam, hutoa. Afrika ya Kusini, baada ya karatasi ya Serikali ya mwaka 1997 kuvitaka vyuo vikuu viwatumikie wananchi, mpango mkubwa ulianzishwa mwaka 1999 kwa fedha za Ford Foundation ili kazi ya jamii itiwe ndani ya kozi zenye alama. Kozi nyingi zilipata kuzaliwa hivyo, na hatudharau. Lakini fedha ya mfadhili ina tarehe yake ya mwisho, na mshahara wa mwalimu hauna. Anayeajiri watu wa kudumu kwa fedha ya kupita amekwisha kuwaandikia barua ya kuachishwa, hajaitia tarehe tu.

Huko Marekani, nchi ya matajiri wenyewe, mambo mawili yalitokea ambayo yafaa kila mjumbe wetu ayajue. Mwaka 1993 sheria ilipitishwa, ukawekwa mfuko ulioitwa Learn and Serve America wa kuvipa shule na vyuo fedha za kuunganisha masomo na utumishi wa jamii. Mwaka 2011 Bunge lao lilipokata matumizi, mfuko huo ulifutwa wote. Hilo la kwanza. La pili ni kwamba toka mwaka 1964 wana mfuko mwingine wa kuwalipa mishahara wanafunzi maskini wanaofanya kazi huku wakisoma, na ndani yake mna sharti kwamba chuo kinachopokea fedha hizo lazima kitumie angalau 7 kwa mia kwa kuwalipa wanafunzi wanaofanya kazi za jamii. Sharti hilo lilibaki wakati ule mfuko wa 1993 unazikwa. Kwa nini? Kwa sababu halikukaa peke yake pembeni kama mgeni; lilikuwa ndani ya fungu kubwa ambalo wanafunzi na vyuo vyote vililitegemea. Tena angalieni neno lenyewe: mwanafunzi analipwa. Si cheti, si fulana. Mshahara kwa saa.

Na sisi tulikwisha kuonja utumishi uliokaa nje ya masomo. Toka mwaka 1984 mpaka 1990 vijana wetu walipelekwa National Youth Service kabla ya kuingia chuo kikuu. Ilipokatwa, mwalimu wa sheria au wa uinjinia hakubadilisha hata ukurasa mmoja wa somo lake, maana haikuwa imeingia humo hata kidogo.

Sasa tufike mahali panapotuuma zaidi, ndugu. Sisi wafanya kazi twalijua vizuri jina hili "mwanafunzi" likitiwa katika kazi. Ni jina la kupunguzia mshahara. Waalimu waliohitimu walipelekwa kufundisha sekondari ya chini kwa Sh. 20,000 kwa mwezi, wakaitwa intani, ati wanajifunza, hali walikuwa wanashika darasa zima kama mwalimu mwingine yeyote. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Kazi ilitoa hukumu kwamba Tume ya waalimu haikuwa na haki ya kuajiri kwa jina hilo watu ambao ni waalimu kamili. Mwaka huo huo madaktari waligoma siku 56, na moja katika mambo makubwa lilikuwa madaktari intani: mapatano ya mwaka 2017 yaliwawekea Sh. 206,000 kwa mwezi, nayo Serikali ikataka kuwapa Sh. 70,000. Hao ni madaktari, watu wenye chama chenye nguvu. Je, mwanafunzi wa mwaka wa pili atajikinga vipi?

Zahanati ina nafasi mbili za wauguzi, nazo zi tupu. Kaunti haina haraka ya kuajiri. Wanafika wanafunzi wanane wa uuguzi kwa jina la kushirikiana na jamii, wanapima joto, wanaandika kadi, wanafunga vidonda. Wakiondoka waja wengine. Baada ya miaka miwili, nani atakumbuka kwamba nafasi zile zilikuwa za mishahara? Binti aliyehitimu yuko nyumbani akingoja kazi, na aliyeichukua kazi yake ni mdogo wake ambaye bado anasoma, tena analipa karo ili aifanye. Huo si ushirikiano na wananchi. Ni kuwapiganisha watoto wa nyumba moja ili kaunti isiajiri.

Na karo hiyo yatoka wapi? Mwaka 2023 Serikali ilileta mpango mpya wa fedha za vyuo vikuu: bei ya kozi huhesabiwa, kisha hugawanywa, sehemu ruzuku ya Serikali, sehemu mkopo, sehemu nyumbani kwa mwanafunzi. Mpango huo umepelekwa mahakamani na umegombewa sana, nasi leo hatutaingia humo. Twasema jambo moja tu. Ikiwa bei ya kozi yahesabiwa, basi safari za kijijini na zihesabiwe mle mle, mbele ya macho ya watu, na ziwekwe katika sehemu ya Serikali. Zisipohesabiwa zitarudi kwa jina jingine. Mzazi ataletewa karatasi: ada ya safari, ada ya fulana, ada ya bima, ada ya usimamizi. Mfanya kazi wa Industrial Area atalipa kodi, atalipa karo, kisha mwanawe ataletwa katika mtaa wake mwenyewe kumwuliza kwa nini yeye ni maskini.

Mtatuona wakali. Lakini tumefundishwa na mambo yaliyotupata. Waalimu na wafanya kazi wengine wa vyuo vikuu vya Serikali waligoma siku 49 mwaka 2025, wakidai Sh. bilioni 7.9 za mapatano ya miaka ya 2017 hadi 2021. Fikirini: mapatano yaliyotiwa sahihi, yenye mihuri na mashahidi, yalichukua miaka yote hiyo na mgomo juu yake ndipo deni hilo lianze kulipwa. Sasa twaletewa kazi mpya isiyo na mapatano wala sahihi wala fungu, na twaambiwa tuamini.

Wala tusije tukadhaniwa kwamba hatutaki wasomi mitaani kwetu. Kinyume chake, twawataka, tena tumeona faida yao walipokuja kwa adabu. Wasomaji wetu wengi hulala Mukuru na kwenda kazini kwa miguu. Wanakumbuka jinsi watu wa vyuo, pamoja na vyama vya wakazi wenyewe, walivyopita wakihesabu na kupima, ikaonekana wazi jambo ambalo kila mama wa Mukuru alilijua siku nyingi: kwamba maskini hulipia maji na umeme kwa bei iliyo juu kuliko mtu wa nyumba ya fahari. Lilipoandikwa kwa hesabu likawa silaha. Mwezi wa Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalum, na wakazi wakakaa mezani na wapimaji, wanasheria na watu wa vyuo vikuu kupanga barabara, maji na mitaro. Vita vya nyumba havijakwisha pale, nasi hatusemi kila kitu kilikwenda sawa. Lakini swali lilianza kwa mkazi, na msomi alilileta kalamu yake. Mara nyingi huwa kinyume: msomi huja na swali alilolitoa katika fomu ya kuombea fedha, na mkazi hutafutwa ili alijibu.

Hata hapo Mukuru, fedha nyingi za uchunguzi zilitoka kwa wafadhili wa nje. Basi nchi yenye sheria ya mwaka 2012 inayosema vyuo vikuu vitasaidia maendeleo ya uchumi na ya watu, imeacha kazi hiyo ilipiwe na wageni. Aibu hii si ya wasomi, ni ya wale wanaogawa fungu.

Twataka nini basi? Twataka kila kozi inayoongezwa kazi ya wananchi ipelekwe katika baraza la chuo ikiwa na karatasi mbili, moja ya masomo na moja ya fedha, na isipokuwa na ya pili irudishwe. Twataka saa za mwalimu zipunguzwe upande mmoja zinapoongezwa upande mwingine, maana siku haivutiki kama mpira. Madereva, mafundi, wapishi na walinzi walipwe saa za ziada kwa namba ya fungu inayojulikana kabla basi halijawashwa. Mhamasishaji wa afya na mzee wa kijiji wapate malipo ya siku, yaandikwe katika makadirio, wala yasitolewe kama bahashishi. Mwanafunzi asitiwe mahali penye nafasi ya kazi iliyo tupu mpaka chama cha wafanya kazi wa mahali pale kiwe kimeulizwa. Na katika kamati inayochagua kijiji gani kiendewe na kwa shauri gani, wakazi wawe na viti vya kupiga kura, si viti vya kukaribisha wageni.

Tumesikia minong'ono kwamba madai haya yatauchelewesha mpango. Na uchelewe. Watu wa kijijini wamengoja vyuo vikuu toka Royal Technical College ilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Wanaweza kungoja muhula mmoja ili waje walio tayari.

Sasa, makatibu wa matawi. Kabla ya mkutano ujao wa halmashauri twawataka mlete maandishi, si maneno ya mdomo. Andikeni kila safari ya wanafunzi iliyofanyika toka mwanzo wa mwaka wa masomo: ilikwenda wapi, ilichukua saa ngapi, nani aliendesha, nani alipika, nani alilipwa na nani hakulipwa. Mwenye fomu iliyorudishwa ailete yenyewe au nakala yake. Walio na jamaa zao wahamasishaji wa afya wawaulize ni siku ngapi wamezungusha wanafunzi na walipewa nini. Msiandike majina ya wanafunzi, na jina la mfanya kazi lisitoke nje ya tawi bila ruhusa yake. Karatasi zikabidhiwe mkononi kwa mweka hazina wa tawi, naye atie sahihi kwamba amezipokea.